Mmweko Bila Mfyatuko: Tofauti za Maeneo Amilifu ya Jua katika Kuzalisha Mimweko na Mifyatuko ya Korona

1.0 Utangulizi

Mnamo Oktoba 2014, kundi la madoa lililopewa namba 12192 katika orodha ya taasisi ya NOAA ya Marekani lilivuka uso wa jua unaoelekea duniani. Lilipofikia upeo wa ukubwa wake lilitanda sehemu 2,750 kwa milioni za nusutufe ya jua, yaani zaidi ya mara 16 ya eneo la uso wote wa dunia. Kundi kubwa kuliko hilo lilikuwa halijaonekana tangu Novemba 1990. Kati ya tarehe 19 na 27 ya mwezi huo lilitoa mimweko sita ya daraja la X, ambalo ndilo daraja la juu kabisa, na mingine mingi ya daraja la M. Kwa mazoea yaliyokuwa yakiongoza utabiri wa hali ya anga za juu, mimweko ya nguvu hiyo, hasa ule wa X3.1 wa tarehe 24, ilitarajiwa kuandamana na mawingu makubwa ya plazima yatokayo katika korona na kusafiri angani. Katika mimweko yote sita ya daraja la X halikutoka wingu hata moja. Wingu pekee lililohusishwa na eneo hilo lilikuwa dogo, nalo lilitokana na mmweko wa daraja la M uliotokea pembezoni mwake.

Hali hiyo inashangaza zaidi inapolinganishwa na maeneo mawili yaliyotangulia. Eneo 11158, lililokuwa dogo mara kadhaa kuliko 12192, lilitoa mmweko wa X2.2 tarehe 15 Februari 2011, wa kwanza wa daraja la X katika mzunguko wa 24 wa jua, na plazima ikarushwa kuelekea duniani. Eneo 11429 lilitoa mmweko wa X5.4 tarehe 7 Machi 2012, na wingu lake likaondoka kwa kasi inayozidi kilomita 2,000 kwa sekunde. Madogo yalirusha, kubwa liliwaka tu.

Makala haya yanaeleza sababu za tofauti hiyo. Hoja inayotetewa ni kwamba uwezo wa eneo amilifu kuwaka na uwezo wake wa kurusha plazima angani ni mambo mawili yanayotawaliwa na vipimo viwili tofauti. Uainishaji unaotegemea ukubwa na utata wa madoa peke yake hujibu swali la kwanza, na kuliacha la pili likining'inia.

2.0 Suala la istilahi

Katika Kiswahili cha habari, maneno "mlipuko wa jua" na "dhoruba ya jua" hutumika kwa matukio yote mawili, na wakati mwingine hata kwa matokeo yake hapa duniani. Matumizi hayo yanaweza kuvumiliwa gazetini. Katika fizikia ya jua yanapoteza tofauti iliyo kiini cha mjadala huu, kwa hiyo makala haya yanatumia maneno mawili.

"Mmweko" ni ongezeko la ghafla la mnururisho, kuanzia mawimbi ya redio hadi eksirei, linalodumu dakika chache au saa chache. Hupimwa kwa nguvu ya eksirei zinazopokewa na setilaiti za GOES, na madaraja yake ni A, B, C, M na X, kila moja likiwa mara kumi ya lililotangulia. "Mfyatuko wa korona", au mfyatuko kwa ufupi, ni kurushwa kwa plazima ya korona pamoja na uga wa sumaku ulioifunga. Masi yake inaweza kufikia kilo trilioni moja hadi trilioni kumi, na kasi yake huanzia mamia machache ya kilomita kwa sekunde hadi karibu 3,000. Neno hili limechaguliwa kwa makusudi. Mtego hufyatuka kwa sababu ulikuwa umetegwa: nishati ilikusanywa polepole, kizuizi kikaizuia, kisha kizuizi kikashindwa. Ndivyo pia inavyotokea katika korona.

Mmweko unaotokea pamoja na mfyatuko utaitwa "mmweko wenye mfyatuko", na usio nao utaitwa "mmweko uliofungiwa". Ikumbukwe kwamba mfyatuko nao unaweza kutokea bila mmweko wa maana. Nyuzi za plazima baridi zilizoning'inia mbali na madoa hunyanyuka na kuondoka zikiacha mwanga hafifu tu, na mfyatuko wa tarehe 1 na 2 Juni 2008 haukuacha alama yoyote ya wazi juu ya uso wa jua. Kwa hiyo hakuna kati ya matukio haya mawili lililo sababu ya jingine. Yote mawili hutoka katika hazina moja ya nishati, lakini kwa milango tofauti.

3.0 Eneo amilifu na hazina yake ya nishati

Tangu mwaka 1908, George Ellery Hale alipotumia athari ya Zeeman katika kituo cha Mount Wilson kuonyesha kwamba madoa ya jua yana uga wenye nguvu wa sumaku, eneo amilifu limeeleweka kuwa mahali ambapo mafungu ya uga huo yamechomoza kutoka ndani ya jua na kupenya uso wake, yaani fotosfia. Upande mmoja wa fungu huwa na ncha chanya, wa pili ncha hasi, na kati yao hupita mstari wa mpaka wa ncha. Uainishaji wa Mount Wilson uliyagawa makundi ya madoa katika alfa, beta na gama kwa kufuata mpangilio wa ncha hizo. Baadaye H. Künzel aliongeza aina ya delta, ambayo ndani yake vivuli vizito vya ncha zinazopingana hubanana katika kivuli hafifu kimoja.

Umuhimu wa delta umethibitishwa mara nyingi. I. Sammis na wenzake (2000) walionyesha kwamba maeneo ya aina ya beta-gama-delta yenye ukubwa unaozidi sehemu 1,000 kwa milioni yana uwezekano wa karibu asilimia 40 wa kutoa mmweko wa daraja la X. Shin Toriumi na wenzake (2017), waliochunguza mimweko 51 ya M5.0 na kuendelea kutoka maeneo 29, waligundua kwamba zaidi ya asilimia 80 ya maeneo hayo yalikuwa na madoa ya delta. Kuhusu mmweko, basi, jicho la mchunguzi wa madoa halikukosea.

Sababu yake iko katika nishati. Kwa kila mpangilio wa ncha juu ya fotosfia kuna umbo moja la uga wa korona lenye nishati ndogo kuliko yote, ambalo halina mkondo wa umeme ndani yake. Umbo hilo linaitwa hapa "uga tulivu". Nishati yoyote inayozidi ya uga tulivu ndiyo nishati huru, na hiyo pekee ndiyo inayoweza kugeuzwa kuwa joto, mwanga na mwendo. Plazima ya fotosfia inapozivuta ncha mbili zipishane kandokando ya mpaka wao, au inapozizungusha, mistari ya uga iliyokuwa ikivuka mpaka kwa njia fupi hulazwa ikawa karibu sambamba nao, na mingine husokotana ikawa kamba. Katika delta ncha zimebanana, mpaka ni mkali, na kila mwendo mdogo unaweka akiba kubwa. Carolus Schrijver (2007) aliipima hali hiyo kwa kujumlisha flaksi iliyo karibu na sehemu kali za mpaka. Kipimo chake hutabiri mimweko mikubwa vizuri kuliko ukubwa wa madoa peke yake.

Hata hivyo, vipimo hivi vyote vinaangalia akiba tu. Eneo 12192 lilikuwa na akiba tele, kwa kuwa lisingeweza kutoa mimweko sita ya daraja la X bila hiyo. Linalobaki kuulizwa ni kwa nini akiba hiyo ilitumika kuwasha na haikutumika kurusha.

4.0 Kamba na kizimba

Juu ya kiini cha eneo amilifu, kule ambako uga umevutwa na kusokotwa, hupita matao makubwa ya uga yanayounganisha pande za nje za eneo. Matao hayo hayana msokoto wa kutajika, na kazi yake katika mjadala huu ni moja: yanakandamiza. Kamba ya sumaku iliyobeba mkondo wa umeme husukumwa kwenda juu na uga wake yenyewe, kama duara la waya lenye mkondo linavyotaka kutanuka. Matao ya juu huirudisha chini. Wakati nguvu mbili zimelingana, kamba hukaa mahali pake kwa siku kadhaa.

Sasa kamba ikinyanyuka kidogo, nguvu zote mbili hupungua. Iwapo uga wa matao unafifia kwa kasi kuliko msukumo wa kamba, kila hatua ya kupanda huongeza pengo, na kamba haina tena wa kuizuia. Kasi ya kufifia huelezwa kwa "kipeo cha kufifia", yaani kipeo kinachoonyesha jinsi nguvu ya uga wa nje inavyopungua kadiri kimo kinavyoongezeka. Kipeo kikiwa 1.5, uga hupungua kwa kipeo hicho cha kimo. Bernhard Kliem na Tibor Török (2006) walionyesha kwa nadharia kwamba kamba yenye umbo la pete hukosa uthabiti kipeo kinapofika karibu na thamani hiyo. Thamani halisi hubadilika kati ya 1 na 2 kulingana na unene na umbo la kamba, na ni vyema mtafiti asiitaje 1.5 kana kwamba ni sheria ya maumbile. Jambo la msingi ni kimo ambacho mpaka huo unafikiwa. Ukiwa chini, kamba inaufikia mapema. Ukiwa juu sana, mmweko unaweza kutokea, ukamaliza sehemu ya nishati, na kamba ikabaki chini yake.

Xudong Sun na wenzake (2015) waliyapima maeneo matatu yaliyotajwa katika utangulizi kwa kutumia ramani za uga wa sumaku za chombo cha HMI kilicho katika setilaiti ya SDO. Katika 12192 kipeo kilifika 1.5 kwenye kimo cha takriban mara mbili ya kile cha 11158 na 11429. Pia waligundua kwamba msokoto na nishati huru ya 12192, vilivyo vikubwa kwa hesabu ya jumla, vilikuwa vidogo vikilinganishwa na ukubwa wa uga wote wa eneo. Kwa maneno mengine, eneo hilo lilikuwa na kamba ya wastani ndani ya kizimba kikubwa mno. Katika 11429 kamba ilikuwa na nguvu ikilinganishwa na kizimba chake, ingawa vyote viwili vilikuwa vidogo.

Uwiano huo ndio kiini cha maelezo yote. Ukubwa wa eneo unapoongezeka, akiba ya nishati huongezeka, na kwa hiyo mimweko pia; lakini ukubwa huohuo hurefusha na kuimarisha matao ya juu. Kigezo kimoja kinasukuma pande mbili. Mchunguzi anayetumia ukubwa kama ishara ya hatari kwa jumla anaongeza na kupunguza kwa mkono mmoja.

Mahali pa mmweko ndani ya eneo nalo lina uzito wake. Yuming Wang na Jie Zhang (2007) walilinganisha mimweko minane ya daraja la X, minne iliyofungiwa na minne yenye mfyatuko. Iliyofungiwa ilitokea karibu na kitovu cha flaksi ya eneo, yenye mfyatuko ilitokea mbali nacho, kuelekea kingoni ambako matao ni hafifu. Sampuli ni ndogo, ila matokeo hayo yanaelewana na nadharia, na yanaelewana pia na ule mfyatuko mmoja mdogo wa 12192, uliopenya pembezoni.

Aina ya pili ya ukosefu wa uthabiti inahusu msokoto wenyewe. Kamba ya usumba inaposokotwa kupita kiasi hujikunja na kufanya kitanzi, hata kama haijavutwa na mtu. Kamba ya sumaku hufanya vivyo hivyo. Kujikunja kunaweza kuinyanyua, lakini hakutoshi kuitoa. Tarehe 27 Mei 2002 setilaiti ya TRACE ilipiga picha za utepe wa plazima ulionyanyuka wakati wa mmweko wa daraja la M, ukajikunja, kisha ukasimama na kuanza kushuka. Haukuzaa mfyatuko. Tukio hilo, lililoripotiwa na Haisheng Ji na wenzake (2003), limekuwa mfano wa kawaida wa mfyatuko ulioshindwa.

Kuna kizuizi cha tatu ambacho mahesabu ya kipeo cha kufifia hayakionyeshi. Katika maabara ya Princeton, Clayton Myers na wenzake (2015) walitengeneza kamba za sumaku ndani ya plazima na kuona kwamba baadhi yake zilishindwa kutoka ingawa zilikuwa zimevuka mpaka wa kipeo. Uga unaopita sambamba na urefu wa kamba ulizalisha mvutano wa kuirudisha chini. Kwa sababu hiyo, kipeo kikubwa pekee si hakikisho la mfyatuko.

5.0 Eneo moja, siku moja: tarehe 6 Septemba 2017

Maelezo yaliyotangulia yanaweza kumfanya msomaji ayagawe maeneo amilifu katika makundi mawili ya kudumu, yanayofyatua na yasiyofyatua. Eneo 12673 linaukataa mgawanyo huo. Mwanzoni lilikuwa doa kuukuu na sahili. Tarehe 3 Septemba uga mpya ulianza kuchomoza kando yake kwa kasi ambayo Sun na Aimee Norton (2017) waliieleza kuwa miongoni mwa kasi kubwa zilizowahi kupimwa. Katika siku mbili likawa delta yenye utata mwingi. Ukubwa wake haukufika nusu ya ule wa 12192.

Tarehe 6 Septemba lilitoa mmweko wa X2.2 uliofikia kilele saa sita na dakika kumi mchana kwa saa za Afrika Mashariki. Mmweko huo ulifungiwa. Muda usiofika saa tatu baadaye, saa tisa na dakika mbili alasiri, ulifuata mmweko wa X9.3, mkubwa kuliko yote katika mzunguko wa 24, na huo ulikuja na mfyatuko uliofika duniani. Mpaka wa ncha ulikuwa uleule, na matao ya nje hayakuwa yamepata muda wa kubadilika sana kwa mwendo wa kawaida wa fotosfia. Kilichobadilika ni nini?

Wachunguzi hawajakubaliana kikamilifu. Baadhi wanaona kwamba uunganikaji upya wa mistari ya uga katika mmweko wa kwanza ulikata sehemu ya matao yaliyokuwa juu ya kamba, hivyo kizimba kikadhoofishwa. Wengine wanaona kwamba mmweko wa kwanza uliijenga kamba yenyewe, kwa kuunganisha vipande vifupi vya uga uliosokotwa kuwa kamba moja ndefu iliyofika kimo cha hatari. Maelezo hayo mawili hayapingani, na huenda yote yalifanya kazi kwa pamoja. Linaloonekana dhahiri ni kwamba mmweko uliofungiwa unaweza kuwa maandalizi. Orodha za matukio zinazouhesabu kama tukio lililokwisha, lisilo na madhara, zinaupotezea maana hiyo.

Kwa wakazi wa ukanda huu tukio hilo lina mafunzo ya moja kwa moja kuhusu tofauti ya athari. Eksirei za mmweko hufika duniani kwa takriban dakika nane na kuongeza elektroni katika tabaka la chini la ionosfia upande wa mchana, na mawasiliano ya redio ya masafa mafupi hufifia au hukatika. Saa tisa alasiri Afrika Mashariki yote ilikuwa juani. Upande wa pili wa Atlantiki ilikuwa asubuhi, na visiwa vya Karibi vilikuwa vikipigwa na kimbunga Irma. Kukatika kwa redio kuliwakuta waokoaji wakiitegemea. Mmweko wa X8.2 wa eneo hilohilo, tarehe 10 Septemba, ulifikia kilele yapata saa moja na dakika sita jioni kwa saa za hapa, jua likiwa limeshazama, kwa hiyo ionosfia ya Afrika Mashariki haikuguswa kwa namna hiyo. Mfyatuko hauchagui mchana wala usiku. Husafiri siku moja hadi tatu, na uga wake ukielekea kusini unapokutana na uga wa dunia, huzusha dhoruba ya sumaku ya dunia nzima. Tarehe 13 Machi 1989 dhoruba ya namna hiyo iliwaacha watu milioni sita wa Quebec bila umeme kwa saa tisa.

6.0 Takwimu zinasema nini

Seiji Yashiro na wenzake (2005) walilinganisha mimweko na mifyatuko iliyoonekana kwa darubini ya LASCO. Mifyatuko iliandamana na takriban mmweko mmoja katika mitano ya daraja la C, karibu nusu ya daraja la M, na tisa katika kumi ya daraja la X. Takwimu hizo ndizo zilizozaa mazoea yaliyotajwa mwanzoni: mmweko mkubwa, mfyatuko karibu hakika. Zina udhaifu mmoja unaostahili kutajwa. LASCO huzuia mwanga wa jua kwa kisahani na kuona plazima iliyo pembeni, kwa hiyo mfyatuko hafifu unaoelekea moja kwa moja duniani unaweza kupita bila kuonekana. Asilimia ya daraja la C huenda ni ndogo kuliko hali halisi.

Hata hivyo, kasoro kubwa zaidi ya takwimu hizo ni ya kimantiki. Zinahesabu mimweko, hazihesabu maeneo. Eneo moja kama 12192 linaweza kuongeza mimweko sita upande mmoja wa mizani, na mengi madogo yakaongeza mmoja mmoja upande wa pili. Ting Li na wenzake (2020) walirekebisha hilo kwa kuipanga mimweko 322 ya daraja la M na X ya miaka ya 2010 hadi 2019 kwa kufuata flaksi ya eneo ilikotoka. Uwiano wa mimweko yenye mfyatuko ulishuka kadiri flaksi ilivyokuwa kubwa, na kimo cha mpaka wa kipeo kikapanda. Katika maeneo yenye flaksi inayozidi weba 10¹⁵, sehemu kubwa ya mimweko ilikuwa imefungiwa.

Matokeo ya Monica Bobra na Stathis Ilonidis (2016) yanatoka upande mwingine kabisa na yanafika mahali palepale. Wao waliifundisha kompyuta kutofautisha mimweko yenye mfyatuko na isiyo nao kwa kutumia vipimo vingi vya uga wa fotosfia. Vipimo sita vilitosha kubeba taarifa karibu yote, na vyote sita vilikuwa vya aina isiyotegemea ukubwa wa eneo: wastani wa pembe, wastani wa msokoto, na mfano wa hivyo. Katika utabiri wa mmweko, kinyume chake, vipimo vya jumla ndivyo huongoza.

Pamoja na hayo, uhusiano wa takwimu haupaswi kugeuzwa kuwa kinga. Mei 2024 eneo 13664 lilikua kwa kasi na kuzidi sehemu 2,000 kwa milioni, likatoa mimweko mingi ya daraja la X, na halikufuata mfano wa 12192. Mifyatuko yake ilifuatana, ikafikiana njiani, na tarehe 10 Mei ikazusha dhoruba ya daraja la G5, ya kwanza ya kiwango hicho tangu Oktoba 2003. Ukubwa wake ulikuwa karibu na ule wa eneo la 2014, lakini lilijengwa na mafungu kadhaa ya uga yaliyochomoza na kugongana, likawa na mipaka mingi mikali iliyosambaa badala ya kiini kimoja chini ya kizimba kimoja. Kauli ya kwamba maeneo makubwa hufungia mimweko yake ni sahihi kwa wastani tu. Kwa eneo moja mahususi, muundo ndio wenye neno la mwisho.

7.0 Utabiri na kile kisichopimwa

Kanya Kusano na wenzake (2020) walijaribu kutabiri mimweko mikubwa kwa kutumia fizikia ya ukosefu wa uthabiti badala ya takwimu tupu. Njia yao iliitambua mingi iliyokuwa karibu kutokea, na michache iliyoiponyoka ilikuwa iliyofungiwa. Kwa mujibu wa hoja ya makala haya, hilo lilitarajiwa: njia iliyojengwa juu ya kamba inayoanza kutoka itakuwa na shida na eneo linalowaka bila kamba kwenda popote. Taarifa za utabiri zitolewazo kila siku na vituo vya hali ya anga za juu hutaja uwezekano wa mimweko ya M na X kwa kila eneo. Uwezekano wa mfyatuko kwa kawaida hautolewi hadi mfyatuko wenyewe uonekane katika darubini, na hapo muda uliobaki kwa waendesha gridi ni siku moja au mbili, na kwa mifyatuko ya kasi ni pungufu ya hapo.

Ugumu wa msingi ni kwamba kizimba hakionekani. Ramani za HMI hupima uga wa fotosfia, ambako plazima ni nzito na mistari ya spektra hupasuka vizuri kwa athari ya Zeeman. Korona ni hafifu mara nyingi zaidi na mistari yake ni mipana. Kimo cha mpaka wa kipeo kinachotajwa katika tafiti zote zilizojadiliwa hapa hakikupimwa. Kilikokotolewa kwa kuunyoosha uga wa fotosfia kwenda juu, na kwa kawaida uga huo wa nje huchukuliwa kuwa tulivu. Watafiti wawili wakitumia njia mbili za ukokotoaji juu ya ramani moja wanaweza kupata nishati huru zinazotofautiana pakubwa, jambo ambalo mtahini yeyote wa tasnifu za uwanja huu ana haki ya kulidai lielezwe. Darubini ya Daniel K. Inouye, iliyoko Hawaii, sasa imeanza kutoa ramani za uga wa korona zilizopimwa moja kwa moja. Ramani hizo ni za sehemu iliyo nje ya ukingo wa jua, ambako mwanga wa uso wake hauwezi kuimeza korona. Eneo lililoko katikati ya uso, ambalo ndilo linaloelekeza mifyatuko yake duniani, bado uga wa korona juu yake hupatikana kwa kukokotoa kutoka chini kwenda juu.